Kuchagua Aina ya Chai ya Kupanda: Shauri kwa Wakulima wa Meru na Embu

Mti wa chai ni wa jamaa ya kamelia. Ndugu zake hupandwa Japani, Uchina na Ulaya mbele ya nyumba kwa ajili ya maua yao mekundu na meupe, na mwenye bustani huchagua ule upendezao macho yake. Akikosea, hung'oa mti mmoja, na hasara yake ni ndogo. Katika Meru na Embu kamelia inayojulikana ni ile ya majani. Ua lake dogo jeupe, lenye manjano katikati, halimfurahishi mkulima, maana likionekana kwa wingi shambani mara nyingi ni dalili kwamba mti umetaabika au umeachwa bila kuchumwa. Huku kuchagua aina si jambo la macho. Ekari moja huchukua miche 4,356 ikipandwa kwa nafasi ya futi nne kwa futi mbili na nusu, na miche hiyo ikitunzwa vema itachumwa na mwenye shamba, kisha na watoto wake, na pengine na wajukuu wake pia.

Wazee waliopanda chai ya kwanza hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Chai ililetwa Kenya mwaka 1903, ikapandwa Limuru, lakini kwa miaka mingi ilikuwa zao la mashamba makubwa ya Wazungu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa Mwafrika, na mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, katika Nyeri. Halmashauri ya chai ya wakulima wadogo, iitwayo KTDA, iliundwa mwaka 1964. Siku zile mkulima alipewa visiki vya miche iliyooteshwa kwa mbegu, naye akapanda alichopewa.

Sasa, mbegu za chai ni kama watoto wa nyumba moja: kila mmoja ana tabia yake. Katika mstari mmoja wa chai ya mbegu utaona mti wenye majani mapana ya asili ya Assam, na karibu yake mwingine wenye majani madogo magumu ya asili ya Uchina. Mmoja huchipua mapema, mwingine huchelewa, na mchumaji hupata taabu kwa sababu majani mawili na chipukizi hayawi tayari siku moja. Ndiyo sababu wataalamu wa utafiti wa chai huko Kericho walianza kutafuta, miongoni mwa maelfu ya miti, ile michache iliyo bora, na kuizalisha kwa vipandikizi. Kipandikizi ni kipande kifupi cha kijiti chenye jani moja. Mti utokao humo una tabia ileile ya mama yake, wala haubadiliki. Njia moja ya kupima ubora ilikuwa kuyaweka majani ndani ya chombo cha kioo pamoja na mvuke wa klorofomu. Jani lililogeuka upesi na kuwa na rangi ya shaba yenye kung'aa lilitazamiwa kutoa chai nzuri.

Aina zilizopatikana huitwa kwa namba. Iliyosifiwa kuliko zote kwa ladha na rangi ya chai yake ni 6/8, na 31/8 nayo imeenea sana katika mashamba ya Kenya. Lakini 6/8 haivumilii ukame. Kwa upande wa pili, 303/577 na ile itokayo Malawi iitwayo SFS 150 zinajulikana kwa kustahimili jua. Hakuna aina iliyo na kila jema, na mtu anayeuza miche akidai anayo aina ya namna hiyo, yafaa mkulima afunge mfuko wake.

Basi mkulima ataanza na shamba lake, si na sifa za mche. Katika Embu na Meru ukanda wa chai ni mwembamba. Juu unapakana na msitu wa Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, na chini unakutana na kahawa. Mwenye shamba la juu, karibu na msitu, ana baridi, ukungu na mvua ya kutosha. Chai yake hukua polepole, lakini ni nzuri, na aina kama 6/8 humfaa. Mwenye shamba la chini, pale ambapo jirani yake analima kahawa, huona udongo ukipasuka kati ya Januari na Machi kabla ya mvua kubwa. Huyu akipanda 6/8 kwa sababu tu shemeji yake aliye juu anaisifu, atakuwa akijaza mapengo kila mwaka. Tena kuna sehemu ambazo chai haifai kabisa, kwa maana mti huu hupenda udongo wenye asidi. Mahali penye majivu ya zamani, kama palipokuwa na boma au pa kuchomea makaa, mche hudumaa hata uwe wa aina gani.

Kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa nadra vituoni. Majani ya wakulima wote wa eneo moja huchanganywa kiwandani, iwe ni Mungania au Rukuriri katika Embu, au Githongo, Kinoro na Michimikuru katika Meru. Kila mtu hulipwa kwa uzito, bei ikiwa moja kwa kilo. Kwa hiyo mwenye kupanda aina yenye uzito mwingi na ladha hafifu hupata faida yake peke yake, na hasara ya ladha humwangukia kila jirani. Chai ya mashariki ya Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei nzuri zaidi katika mnada wa Mombasa kuliko ile ya magharibi, na malipo ya mwisho wa mwaka, yaani bonasi, hutokana na bei hiyo. Wakulima wa vilima hivi wakifuata uzito tu, watapoteza kitu ambacho wenzao wa magharibi wanakitamani.

Habari ya chai ya zambarau nayo iangaliwe kwa makini. Aina hiyo, 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi, na watu wengi walitangaziwa bei kubwa. Jani lake halina kosa. Lakini lataka kutengenezwa peke yake na kupata mnunuzi wake, na wako wakulima waliolipanda kisha wakaliona likichanganywa na majani ya kijani na kulipwa bei ya kijani. Anayetaka kulipanda aulize kwanza kiwandani kama litapokewa mbali.

Tena si vizuri kujaza shamba zima aina moja. Miti iliyotoka kwa mama mmoja huugua pamoja na kukauka pamoja. Aina mbili au tatu zatosha, kila moja katika kipande chake, zisichanganywe katika mstari, ili uchumaji na kupogoa viende sawa.

Na ile chai ya mbegu ya baba je, ing'olewe? Wengi hufanya haraka hapa. Mti wa mbegu una mzizi mkuu uendao chini sana, na mti wa kipandikizi hauna. Mwaka wa ukame mzee huyo husimama wakati vijana wamenyauka. Mwenye ekari moja akiing'oa yote kwa mara moja, atakaa miaka miwili au mitatu bila malipo ya maana, huku karo ya shule haimngoji. Mara nyingi kupogoa vizuri, kutia mbolea na kujaza mapengo huongeza majani kwa gharama ndogo zaidi. Akiamua kung'oa, na aanze na kipande kimoja kilichochoka.

Miche inunuliwe katika kitalu ambacho mwenyewe aweza kuonyesha miti mama, au mkulima aoteshe mwenyewe chini ya nailoni iliyofungwa vema, katika udongo wa chini usiotiwa samadi. Jina la aina liandikwe kwenye kibao mwanzoni mwa kila kitalu, kwa maana baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka. Miche michache ya ziada ya kila aina ibakizwe kitaluni kwa ajili ya mapengo, ipandwe mvua inayofuata, kabla wenzake shambani hawajatanua matawi na kuinyima mwanga.