Kutambua Spishi Mpya ya Konokono wa Bahari Kutokana na Kisukuku

Swali la uainishaji likija na picha ya magamba mawili, watahiniwa wengi hukimbilia kuandika: "Hizi ni spishi mbili kwa sababu hayafanani." Mimi nikisahihisha, jibu hilo silipi alama hata moja. Kutofautiana peke yake hakutoshi.

Mwaka jana niliwaambia wanafunzi wangu waokote magamba ya kauri ufukweni, kisha wayapange kwa spishi. Karibu kila kundi liliwatenga kauri wachanga na kuwafanya spishi yao. Ni kosa linaloeleweka. Kauri mchanga ana gamba jembamba, mdomo mpana usio na meno, na ncha yake ya juu bado inaonekana. Akikomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, meno hujitokeza na ncha hufunikwa. Mnyama ni yuleyule. Kama tunateleza kwa gamba la juzi, itakuwaje kwa lililozikwa miaka milioni 40?

Kisukuku kinatuachia nini?

Nyama ya konokono huoza. Kinachobaki ni gamba, na mara nyingine hata gamba lenyewe halibaki. Magamba ya konokono wengi wa bahari yamejengwa kwa aragonaiti, aina ya kalsiamu kabonati inayoyeyuka kwa urahisi kuliko kalsaiti. Maji yakipenya mwambani, gamba huyeyuka na kuacha tope lililogandamana ndani yake. Kiini hicho cha tope huonyesha umbo na idadi ya mizunguko, lakini mapambo ya nje yamekwenda na gamba. Ukiwa na kiini tu, pengine utaweza kutaja jenasi. Spishi mpya usiitangaze.

Gamba likiwa zima, angalia mbavu za wima, mistari inayozunguka, umbo la mdomo, na kama mdomo una mfereji upande wa chini. Kisha chukua lenzi uangalie ncha kabisa. Pale pana gamba la utotoni, alilokuwa nalo konokono alipokuwa lava. Likiwa na mizunguko mingi midogo, kwa kawaida lava alielea baharini muda mrefu akijilisha. Likiwa na mizunguko michache minene, kwa kawaida alianza maisha kwa akiba ya kiini cha yai. Magamba mawili yanayofanana mwili mzima yakitofautiana hapo, una sababu nzuri ya kushuku spishi mbili. Bahati mbaya ncha ndiyo huvunjika kwanza.

Vipimo

Chukulia gamba lina urefu wa mm 48 na upana wa mm 20. Uwiano ni 48 ÷ 20 = 2.4. Lingine lina mm 12 kwa mm 6, uwiano 2.0. Je, ni spishi mbili? Bado hatujui, kwa sababu konokono wengi hubadilika umbo wanapokua. Linganisha magamba yenye idadi sawa ya mizunguko, na uwe na mengi, siyo mawili.

Je, jina lipo tayari?

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo. Mwaka 1766 Gustavus Brander alichapisha kitabu cha visukuku vya Hampshire, kusini mwa Uingereza, vingi vikiwa vya majabali ya pwani ya Barton. Maelezo ya spishi yaliandikwa na Daniel Solander, mwanafunzi wa Linnaeus, akitumia majina mawili mawili. Anayeokota konokono Barton leo na kumdhania mpya lazima kwanza apitie majina hayo na yote yaliyofuata. Spishi ikiwa na majina mawili, kwa kawaida la zamani zaidi ndilo linalotumika. Hii ndiyo kanuni ya kipaumbele.

Akishahakikisha ni mpya, mtafiti huchapisha maelezo yanayoitofautisha na spishi za karibu, huipa jina, na huteua sampuli moja iwe kielelezo cha jina hilo. Sampuli hiyo huhifadhiwa, kwa kawaida katika makumbusho, ili mwenye shaka aende kuikagua.

Tazama jina hili: *Campanile giganteum* (Lamarck, 1804), konokono mkubwa wa Bonde la Paris, Ufaransa, ambaye gamba lake lilipita sm 40. Neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo. Mabano yanaonyesha kwamba Lamarck alimweka kwanza katika jenasi nyingine, *Cerithium*. Katika mtihani huwezi kuandika mlazo, kwa hiyo pigia mstari kila neno peke yake.

Swali la mazoezi (alama 6)

Mwanafunzi amepata kisukuku kimoja cha konokono, kiini cha tope kisicho na ncha. Anasema ni spishi mpya kwa sababu ni kifupi kuliko picha za kitabuni. Toa hoja tatu za kupinga dai lake.

*Mwongozo:* Kiini hakina mapambo ya nje, na ncha yenye gamba la utotoni haipo (alama 2). Sampuli ni moja, na huenda ni ya konokono mchanga (alama 2). Hajalinganisha na spishi zilizokwisha kupewa majina. Picha za kitabu kimoja si zote zilizopo (alama 2). Ukiandika "hana uhakika" bila kueleza sababu, hupati kitu.