Chupa ya Mafuta Iandikwe Tarehe

Ukitaka kujua nyumba yako inakula mafuta kiasi gani, usimwulize anayepika. Kila mpishi atakwambia anatia kidogo tu, na anasema kweli kwa kadiri anavyoona. Chukua kalamu ya wino mzito, na siku unayofungua chupa mpya andika tarehe ubavuni mwake. Ikiisha, hesabu siku. Naomba kila nyumba ianzie hapo, kabla ya kubishana kama alizeti ni bora kuliko mawese au nazi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yote anayokula mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nguvu anayoipata kwenye chakula. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 67 hivi, na humo yamo mafuta yaliyojificha kwenye nyama, maziwa, karanga, nazi na maandazi ya asubuhi. Kwa hiyo mafuta ya chupani hayawezi kuchukua nafasi yote. Mimi hushauri vijiko viwili vya chakula kwa mtu mzima kwa siku. Kijiko kimoja ni mililita 15, na kina kilokalori karibu 120, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 wakati ya wanga au ya protini hutoa 4. Watu watano watatumia mililita 150 kwa siku, na lita moja itawafikisha karibu wiki nzima. Ikiisha siku ya tatu, na hamkukaanga samaki wala kuchoma maandazi, basi ipo kazi ya kufanya.

Kazi hiyo huanzia mkononi. Chupa ikiinamishwa moja kwa moja juu ya sufuria, hakuna jicho linalopima sawasawa, hasa mpishi akiwa na haraka. Weka kijiko cha chakula kando ya chupa na usimimine bila hicho. Mchuzi wa watu watano huungwa vizuri kwa vijiko vitatu. Moto uwe wa wastani, kitunguu kiingie na chumvi kidogo ili kitoe maji yake, na kikianza kushika chini ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta. Kisha nyanya, zifunikwe mpaka zipondeke zenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba mchuzi haujaiva mpaka mafuta yaelee. Mafuta hujitenga kwa sababu maji ya nyanya yamekauka, na hata vijiko vitatu vitajitokeza pembeni mwa sufuria ukiwa na subira. Mchuzi wenye mafuta yanayofunika uso wote haujaiva zaidi ya huo.

Ukiunga mboga kwa tui la nazi au karanga, mafuta ya chupa hayahitajiki tena. Kisamvu, maharage, samaki wa kupaka: vikiungwa hivyo, tayari vina mafuta yake. Pikia tui jepesi, tui zito litie mwishoni, kidogo.

Lakini usiyaondoe mafuta kabisa. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huzichukua vizuri zaidi zikiliwa pamoja nayo. Mchicha, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kijiko kimoja cha mafuta kwenye mboga hizo ni sehemu ya lishe yenyewe. Mchicha wa kuchemsha kwa maji matupu unamnyima mlaji sehemu ya faida yake.

Sasa aina. Maandishi ya chupani kwamba mafuta hayana kolesteroli yasikushawishi kulipa zaidi: hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kutajika, kwa kuwa hiyo hutoka kwa wanyama. Cha kuangalia ni kiasi cha mafuta yale magumu, yanayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Alizeti ina kama asilimia 11, ufuta kama 14, karanga kama 17. Mawese yanakaribia nusu. Samli inapita nusu, na mafuta ya nazi huvuka asilimia 80. Ndiyo maana nasema alizeti, ambayo Singida na Dodoma inakamuliwa kwa wingi, iwe ya kila siku. Mawese mekundu ya Kigoma, yenye karotini nyingi, yawe ya mapishi yanayoyadai. Samli iwe ya pilau ya sikukuu. Wapo wanaokunywa mafuta ya nazi kijiko kwa kijiko kila asubuhi kama dawa ya moyo. Kwa moyo sioni sababu ya kufanya hivyo. Nazi ni kiungo kitamu cha pwani, na inatosha kuwa hivyo. Ukitaka mafuta yanayousaidia moyo kwa kweli, kula dagaa na samaki wenye mafuta, walioungwa au kuchomwa.

Yanayostahili kuepukwa kabisa ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa kuongezwa haidrojeni nusunusu. Njia hiyo ilibuniwa na mkemia Mjerumani Wilhelm Normann, aliyeiombea hataza mwaka 1902, na kwa miongo mingi ikasifiwa kwa sababu mafuta yake hukaa muda mrefu bila kuharibika. Nayo huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe kwenye chakula. Soma maandishi ya kopo la mafuta mgando na ya pakiti za biskuti. Ukiona haidrojeni ikitajwa, rudisha rafuni.

Anayenunua mafuta ya kupimiwa ana shaka nyingine: ameuziwa alizeti, au mchanganyiko? Tia kidogo kwenye chupa ndogo uiache kwenye friji usiku kucha. Alizeti hubaki ya majimaji. Ukungu kidogo chini ni nta yake, si kasoro. Yakiganda mazito kama samli, humo kuna mawese. Alizeti ya mashine za mtaani nayo iache itulie siku kadhaa, uchuje kwa kitambaa safi, maana mashapo huungua upesi na kufanya mafuta yatoe povu.

Na chupa inayoanikwa juani mbele ya duka, iache. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka mafuta ya kiwandani yaongezwe vitamini A, na mwanga huiharibu. Nyumbani weka kabatini, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimebana.

Kwenye karai, adui ni moshi. Jaribu kwa kipande cha kitunguu: kikitokwa na mapovu mara moja na kuelea, anza kukaanga; mafuta yakifuka moshi, yamepita kiasi. Yakiwa baridi mno nayo, chakula hunywa mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye chakula kikishatoka, kinapoanza kupoa, hivyo kung'uta chipsi au sambusa papo hapo juu ya karai. Yaliyobaki chuja, funika, tumia tena mara moja au mbili. Usijazie mafuta mapya juu ya yaliyochoka. Yakiwa meusi, mazito, yenye povu lisilokatika au harufu inayowasha kooni, yamekwisha. Ninajua inauma kuyamwaga kwa bei hizi, na ndiyo sababu nashauri kukaanga kwenye karai dogo lenye mafuta machache kwa mafungu.

Mtoto aliye chini ya miaka miwili asiingizwe kwenye hesabu hii ya kupunguza. Karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta, na akianza kula miezi sita, uji mwembamba utamjaza tumbo bila kumpa nguvu ya kutosha. Mtilie kwenye bakuli lake kijiko cha chai cha mafuta, au karanga zilizosagwa laini kabisa, ukoroge mpaka zipotee.