Utetezi na Neno "Njaa": Lugha katika Kazi ya Mshauri wa Misaada ya Kibinadamu

Utangulizi

Mshauri wa utetezi wa kanda katika shirika la misaada ya kibinadamu hagawi unga wala hachimbi visima. Malighafi yake ni maneno. Hupokea taarifa kutoka ofisi za nchi kadhaa, tuseme Somalia, Ethiopia na Kenya, akazipima, kisha akawashauri wakubwa wake ni jambo gani lisemwe, kwa istilahi zipi, mbele ya nani, na lini. Wengi wa washauri hawa wana makao yao papa hapa Nairobi. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kisemantiki, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana la kuchangia ndani yake. Tutatumia hasa mfano wa baa la njaa la Somalia la mwaka 2011.

Jina la kazi yenyewe

Kitenzi "tetea" kimetokana na "teta", yaani kugombana au kusengenya, kikatiwa kiambishi cha kauli ya kutendea. Kutetea, basi, ni kugombana kwa ajili ya mtu. Kuna pia "shawishi", neno lenye upole zaidi na pengine hila kidogo, na "raghibisha", ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kumtia mtu hamu ya jambo. Vitabuni maneno haya huorodheshwa kama visawe. Kazini, hata hivyo, hayabadilishani nafasi kwa urahisi.

Mnamo Machi 4, 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan. Serikali yake ilijibu kwa kuyafukuza mashirika 13 ya kimataifa, ikiyashutumu kuwa yaliisaidia mahakama hiyo. Mashirika yalikana. Waliopata hasara ya haraka walikuwa watu wa Darfur waliotegemea maji, chakula na matibabu kutoka kwayo. Tangu hapo hakuna mshauri katika kanda hii anayeweza kuliandika tamko kali bila kujiuliza kama litamfungia mgonjwa mlango wa zahanati. Kutetea hufanywa hadharani, jina la mkosaji likitajwa. Kushawishi huweza kufanywa ofisini mwa waziri, mlango umefungwa. Wapo wanaoona njia hii ya pili kuwa ni woga. Kwa maoni yangu ni woga pale tu inapotumiwa kila mara.

Njaa na baa la njaa

Mwanafunzi atokaye mhadhara wa saa saba mchana husema ana njaa. Mama aliyetembea siku nyingi kutoka Bakool hadi Dadaab akiwa amezika mtoto njiani naye ana njaa. Kiswahili kimewapa neno moja. Wahenga waliliona tatizo hili waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mshauri wa utetezi kazi yake ya kila siku ni kumwandikia mwenye shibe.

Wataalamu wa usalama wa chakula hutumia kipimo cha kimataifa chenye awamu tano. Ili awamu ya tano, yaani baa la njaa, itangazwe, sharti angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kupindukia, watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu 2 katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Kwa hiyo neno hilo haliruhusiwi kutamkwa ila baada ya makaburi kuchimbwa.

Mwaka 2010, kuanzia mwezi wa Agosti, mtandao wa tahadhari wa FEWS NET ulianza kuonya juu ya ukame uliokuwa ukija katika Pembe ya Afrika. Maonyo yaliendelea kutolewa, fedha zikaja kwa kusuasua. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia mnamo Julai 20, 2011, na hapo misaada ikafurika. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Takriban nusu ya vifo vyote ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya tangazo. Lawama haiwezi kuwekwa kwenye msamiati pekee, kwani vita, vizuizi vya al-Shabaab na hofu ya wafadhili kwamba misaada ingeangukia mikononi mwa wapiganaji vilichangia pakubwa. Lakini ni dhahiri kwamba wenye mali walikuwa wakilingoja neno.

Msomaji anaweza kusema kwamba dawa ni kulitumia neno mapema. Tatizo ni kwamba vyombo vyetu vya habari hulitumia "baa la njaa" karibu kila mvua zinapokosekana, hata likapoteza makali. Ningependekeza lihifadhiwe kwa awamu ya tano tu. Ugumu uko kwenye awamu ya nne, ambayo hutafsiriwa "dharura". Neno hili limechakaa: tuna mikutano ya dharura, milango ya dharura, hata mitihani ya dharura. Mwaka 2022 Somalia ilikaa ukingoni mwa awamu ya tano bila baa la njaa kutangazwa. Makadirio yaliyotolewa Machi 2023 yalisema huenda watu 43,000 zaidi ya kawaida walikufa mwaka huo. Awamu ya nne huua. Hadi tutakapopata istilahi bora zaidi, napendekeza tuiite "njaa ya mauti", ili anayesoma ripoti asidhani kwamba vifo bado viko mbali.