Marhamu ya ukurutu: soma jina dogo

Iwapo daktari amekuandikia Betnovate kwa ukurutu wa mikono na bei imekushinda, usirudi nyumbani mikono mitupu. Tazama maandishi madogo kwenye tyubu: betamethasone valerate, asilimia 0.1. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe. Lile kubwa ni la kampuni. Muulize mfamasia kama ana tyubu ya kampuni nyingine yenye jina hilo dogo na kipimo hichohicho. Mara nyingi huwa ya bei nafuu, na dawa ni ileile. Ukiandikiwa marhamu, usikubali krimu bila kuuliza, kwani marhamu ina mafuta zaidi na huifaa ngozi kavu iliyopasuka.

Lakini jihadhari ukiambiwa, "Chukua hii, ni kali zaidi." Clobetasol si Betnovate ya bei nafuu. Ni dawa nyingine yenye nguvu zaidi, na ikipakwa ovyo, hasa usoni, ngozi huwa nyembamba kama karatasi. (Wanaoitumia kujichubua wanalijua hilo, ingawa wamechelewa.) Kwa uso na kwa watoto, madaktari wengi huanza na hydrocortisone asilimia 1, ambayo pia hutengenezwa na kampuni nyingi.