Kubanika Samaki: Moto Mdogo Nao Una Hatari



Safari hii tujifunze juu ya kazi ambayo akina mama na vijana wengi wa Biharamulo na Ngara wanaijua kwa mikono yao, yaani kubanika samaki ndani ya pipa. Samaki hao wengi hutoka Ziwa Viktoria, upande wa Nyamirembe na Chato, sehemu zilizokuwa ndani ya Wilaya ya Biharamulo mpaka Chato ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Wanapofika Lusahunga au Nyakahura wamekwisha kaa njiani kwa masaa mengi, na wale wanaoendelea hadi Rulenge na Kabanga ndiyo zaidi. Hawawezi kungoja kesho. Kwa hiyo mama huwasha moto jioni ileile, na kazi inakwenda usiku kucha.

Usiku huo ndio ulionifanya niandike somo hili. Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji, mwenye cheti, na sina miaka mingi kazini. Wakati wa masika alikuja mama mmoja asubuhi na watoto wawili. Wote watatu waliumwa kichwa, na mtoto mdogo alikuwa ametapika. Sisi huku, mtu akisema kichwa na kutapika, mawazo yanakwenda kwenye malaria. Nikawapima: hakuna malaria. Nikapima joto la mwili: hakuna homa. Nikawapa dawa ya kutuliza maumivu nikawaambia wapumzike nyumbani.

Baada ya siku mbili binti mkubwa aliletwa akiwa amebebwa mgongoni, hajitambui. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza.

"Mama, watoto wanalala wapi?"

"Jikoni, mwanangu. Mvua inanyesha, na kule kuna joto. Tena wanalinda samaki, paka wasiingie."

"Na pipa liko wapi?"

"Humo humo. Lakini moto naupunguza kabisa, moshi hakuna."

Tulimpeleka binti hospitali ya wilaya, akawekewa hewa ya oksijeni, akapona. Nakiri kwamba nilimrudisha mgonjwa kwenye sumu iliyokuwa inamwua.

Sasa tuangalie kwa nini. Mkaa unapoungua katika hewa ya kutosha hutoa joto na hewa ambayo kwa kawaida haiui mtu mahali pa wazi. Unapoungua katika hewa kidogo, hutoa kwa wingi hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haionekani, haina harufu, wala haikohozi mtu. Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia chembe zake nyekundu, lakini chembe hizo huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshika oksijeni. Ni kama basi ambalo viti vyote vimekaliwa na watu wasioteremka. Mtu anavuta pumzi vizuri, na mwili wake unakosa hewa. Mtoto aliye tumboni hudhurika hata kabla mama yake hajajisikia vibaya sana.

Angalia basi jambo lenyewe lilivyo. Ufundi wa kubanika ni kuufanya moto uwe mdogo, ufunikwe, udumu usiku mzima. Na moto mdogo uliofunikwa ndio unaotoa sumu hiyo zaidi. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa fundi mzuri, ila fundi huyo alifanyia kazi yake ndani ya chumba walimolala watoto. Tena aliutazama moshi, akaona hakuna, akadhani hatari imekwisha. Moshi unaouma macho humtoa mtu nje. Kaboni monoksaidi humlaza usingizi.

Nimeketi na akina mama wanaobanika, nikajifunza kwao jinsi ya kuutawala moto, nami nikaongeza yale ya afya. Kwanza pipa lenyewe. Usitumie pipa au debe lililowahi kubeba dawa ya pamba au sumu yoyote, hata ukilichoma na kuliosha. Wavu wa kulazia samaki uwe wa chuma kisichopakwa rangi. Bati jipya la kuezekea lisitumiwe karibu na makaa, kwa sababu lile pako lake linapopata joto kali hutoa mvuke mbaya kwa mapafu.

Mkaa uwashwe nje, kwenye jiko lingine, mpaka vipande vyote vivae majivu meupe. Hapo ndipo utiwe ndani ya pipa, tena upande mmoja tu, wala usitandazwe chini ya samaki wote. Kosa la wengi ni kumwaga mkaa mbichi mwingi juu ya makaa yanayofifia. Kwanza joto linashuka na sumu inaongezeka. Halafu baada ya nusu saa moto unapanda ghafla na samaki wanaungua. Ni vema kuongeza konzi moja au mbili za mkaa uliokwisha kushika moto, mara kwa mara, kuliko kujaza mara moja ili upate kulala.

Joto tunalipimaje bila kipimo? Weka kiganja pale samaki watakapolala, uhesabu polepole. Ukifika kumi ndipo unaondoa mkono, huo ni moto wa kukausha. Ukiondoa kwenye nne au tano, huo ni moto wa kuivisha. Anza na ule wa kukausha kwa muda wa saa moja hivi, mpaka ngozi ya samaki isishike kidole. Kisha ongeza moto mpaka nyama iive na kuachia mfupa. Halafu upunguze tena, na hapa ndipo pana kazi ndefu, samaki ateremke uzito taratibu. Anayeanza na moto mkali anapata samaki mgumu nje na mbichi ndani. Maji yanabaki yamefungiwa, na baada ya siku chache funza wanatokea. Mnunuzi wa Kabanga hatarudi kwako, na mlaji wake anaweza kuharisha.

Pipa lina midomo miwili, wa chini unaoingiza hewa na wa juu unaotoa moshi. Ukitaka kupunguza joto, punguza mkaa na uzibe kidogo mdomo wa chini. Ule wa juu usizibwe kabisa. Ukiuziba, moshi mzito unakaa juu ya samaki na kuwafanya wachungu, na moto unakosa pumzi. Majivu nayo yatolewe, maana yakijaa yanaziba hewa hata kama mlango uko wazi.

Sangara ana mafuta mengi. Mafuta yakidondoka juu ya makaa moto unaruka, na moshi wa mafuta yaliyoungua hubeba vitu ambavyo wataalamu wamevihusisha na kansa. Ndiyo sababu makaa hukaa upande mmoja, na chini ya samaki huwekwa sinia kuukuu la mchanga lipokee mafuta. Moto ukiruka usimwage maji, kwa kuwa mvuke utakuunguza na majivu yataruka juu ya samaki. Sukuma makaa kando, uzibe mdomo wa chini kwa dakika chache.

Kwa kutia moshi, tumia vipande vikavu vya miti migumu au magunzi ya mahindi. Mnyaa, ule wa utomvu mweupe tunaopanda uani, usitumike kamwe. Hata macho ya mpishi yataeleza. Mbao zilizopakwa rangi, plastiki na vipande vya matairi wapo watu wanaotia ili kuwasha haraka. Hao wanauza sumu.

Najua mtaniuliza juu ya mvua. Jibu ni banda: nguzo nne, paa la nyasi lililoinuliwa juu sana au la bati kuukuu, bila kuta, mbali kidogo na mlango na dirisha la nyumba. Paka na mbwa wazuiwe kwa mfuniko na jiwe, si kwa mtoto. Vijana wawili wakisaidiana banda hilo ni kazi ya siku moja.

Jambo jingine ni makaa yanayobaki alfajiri. Wenzetu wa Ngara, mwezi Juni na Julai kuna baridi, na makaa mazuri kuyaacha nje yanatia uchungu. Lakini makaa yaliyovaa majivu, yasiyoonyesha wekundu, bado yanatoa kaboni monoksaidi. Yazimwe kwa maji au yafukiwe kwa mchanga hukohuko nje, yatumike kesho.

Ukikuta watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wana kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, bila homa, na wanapata nafuu wakitoka nje, fikiri juu ya moto. Fungua mlango na madirisha, watoe watu wote nje, wala usikae ndani kutafuta vitu. Asiyejitambua alazwe kwa ubavu. Asiyepumua apuliziwe pumzi na anayejua kufanya hivyo. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia. Mpelekeni zahanati hata kama ameamka, na mwambieni mganga wazi kwamba kulikuwa na makaa ndani. Msingoje aulize. Mimi sikuuliza.

Maswali ya kuzungumzia darasani: Katika kitongoji chenu, ni nyumba ngapi zinabanika samaki ndani wakati wa mvua? Nani hulala karibu na moto huo? Kwa nini moto usio na moshi unaweza kuwa mbaya kuliko wenye moshi? Je, kikundi chenu kinaweza kujenga banda moja la kutumiwa kwa zamu, na nani atatoa nguzo?