Somo la Ufundi: Metali Mbili na Maji ya Chumvi



Mwaka jana mwenzetu mmoja, mjazaji wa mitungi ya hewa ya wapiga mbizi katika hoteli moja ya pwani, alikatwa mshahara. Koki ya mtungi ilikataa kufunguka. Akaitia spana kwa nguvu, ikatoka pamoja na unga mweupe na vipande vya hesi za shingo ya mtungi. Msimamizi akasema, "Umeuharibu wewe, utaulipa." Kamati ya tawi iliponiita sikuwa na jibu, maana mimi nimekulia kiwanda cha mkonge, bahari naiona kwa mbali. Ilinibidi niulize mafundi kwanza. Nayaandika hapa niliyojifunza, kwa kuwa hata kiwandani koki ya shaba hufungwa kwenye bomba la chuma.

Mtungi ule ni wa alumini, na koki yake ni ya shaba ya manjano iliyopakwa kromi. Metali hizo mbili zikigusana, kisha zikalowa maji ya chumvi, umetengeneza betri bila kukusudia. Kumbuka betri ya tochi ya bei rahisi: katikati kijiti cha kaboni, nje kopo la zinki. Tochi ikiwaka, zinki inaliwa, na betri ikichakaa kopo hutoboka. Kwenye mtungi, alumini ndiyo inayoliwa na shaba inabaki nzima. Wengi hudhani alumini haina kutu kwa sababu haiwi nyekundu. Kutu yake ni ule unga mweupe, na hukaa ndani ya hesi mahali jicho halifiki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika meli yao ya kivita, Alarm, kwa mabati ya shaba nyekundu ili wadudu wasitoboe mbao. Walipoikagua mwaka 1763 waliona misumari ya chuma iliyogusa shaba imeliwa vibaya. Lakini michache ilikuwa salama: chini ya vichwa vyake ilibaki karatasi ya kahawia iliyokuwa imefungia mabati. Karatasi tu! Ilizuia chuma na shaba visigusane.

Basi hasara hii inataka vitu vitatu: metali mbili tofauti, kugusana, na maji ya chumvi. Ondoa kimoja, kazi inasimama. Pale mkanda wa chuma kisichoshika kutu unapobana mtungi, weka mpira au plastiki katikati. Kwenye hesi huwezi kuweka mpira, kwa hiyo zuia maji. Koki ifunguliwe mara moja kwa mwaka, hesi zisafishwe na kukaguliwa, ringi ya mpira ibadilishwe, na hesi zipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya magari usiguse, kwani mafuta yake na hewa yenye oksijeni nyingi huweza kuwaka moto.

Kila jioni mtungi uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Vua na kile kiatu cha plastiki cha chini, maana hutunza chumvi siku nzima. Kabla ya kujaza, fungua koki kidogo ipulize maji yaliyo mdomoni. Usipofanya hivyo kompresa itayasukuma ndani. Na mpiga mbizi asiurudishe mtungi ukiwa mtupu kabisa.

Kama koki imekwama, kwanza hewa yote itoke polepole. Hapana nyundo, hapana moto: moto huondoa nguvu ya alumini. Mtungi wa lita 11 ukijazwa kwa baa 200 umebeba hewa ya lita 2,200 hivi, na anayesimama karibu nao wakati wa kujaza ni mjazaji, wala si mwenye hoteli. Ndiyo sababu Marekani hutaka mitungi hii ipimwe kwa shinikizo la maji kila miaka 5.

Tulirudi kwa mwajiri na koki ile mkononi. Tukamwuliza: unga huu ulijikusanya asubuhi ile moja? Daftari la ukaguzi liko wapi? Halikuwapo. Grisi ilikuwa imeombwa na haikununuliwa. Mwenzetu alirudishiwa nusu ya fedha zake, na nusu nyingine bado tunaidai. Mkataba mpya tunataka utaje daftari, grisi, ringi, na nusu saa ya kuosha mitungi inayolipwa. Mpaka sasa wenzetu wanaosha baada ya saa za kazi, bure.

Tawi lolote lenye pampu, boti au mitungi lipitie koki zake wiki hii, na likiona unga mweupe liandike tarehe na kumjulisha msimamizi kwa barua, nakala ibaki kwa katibu wa tawi.