Kumpiga Picha Buibui wa Bwenini

Kazi hii iliniliza muhula uliopita.

Mwanzo wake ulikuwa ubishi. Kiranja wa usafi aliamuru kwamba buibui wote wa bweni letu wafagiliwe kila Jumamosi. Mimi nilimwomba awaache wale wadogo warukao ukutani, kwa kuwa mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa ametusimulia habari za buibui wa nchi hizi za Ziwa Viktoria ambaye huwinda mbu. Kiranja akacheka akasema, "Nionyeshe huyo buibui wako kwa picha, nami nitauweka ufagio chini." Nikakubali, wala sikujua nimejitia katika kazi gani.

Buibui mwenyewe huitwa kwa jina la kitaalamu Evarcha culicivora, jina alilopewa mwaka 2003. Hajulikani kuishi mahali pengine ila kandokando ya Ziwa hili, upande wa Kenya na wa Uganda, na mengi tunayoyajua juu yake yalichunguzwa Mbita, Kenya. Urefu wake ni kama milimeta 5. Hatandi utando wa kunasia wadudu, bali huvizia na kuruka kama paka. Chakula akipendacho ni mbu jike aliyeshiba damu, na hasa Anofelesi, yule aletaye malaria. Watoto wake humtambua Anofelesi kwa vile atuavyo ameinua tumbo, nao humzunguka na kumjia kwa chini ya tumbo lile. Tena mwaka 2011 ilichapishwa habari kwamba buibui hawa huvutwa na harufu ya soksi zilizokwisha kuvaliwa. Nilipowasomea wenzangu jambo hilo, mmoja akasema kwamba kama ni kweli, basi buibui wote wa Ziwa wangalikwisha kuhamia bweni letu.

Hapa Mwello jambo la mbu si la mzaha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu mmoja wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka 2014, nyumba za wilaya hii zilipoanza kupuliziwa dawa, ugonjwa ulipungua sana. Lakini nani kati yetu hajalala katika chumba cha wagonjwa?

Basi nikaazima kamera ya Chama cha Picha. Lenzi yake ya kawaida haikubali kusogea karibu. Ukiikaribisha chini ya sentimeta 30 hivi, haioni kitu. Picha zangu za kwanza zilikuwa picha nzuri sana za ukuta, na katikati doa la kahawia. Mwalimu alimpelekea mtaalamu mmoja picha hizo, naye akajibu kwa adabu nyingi kwamba ameuona ukuta.

Dawa yake niliipata Busia, kwa fundi mmoja auzaye vyombo vikuukuu: lenzi ya milimeta 50 ya kamera ya zamani, ile iliyotumia filamu. Ukiigeuza lenzi hiyo, ule uso wake wa mbele ukatazama ndani ya kamera, huwa kioo cha kukuza chenye nguvu. Chagua lenzi ya zamani yenye pete ya kufungua na kufunga tundu kwa mkono, kwa sababu zile mpya zinangoja amri ya kamera, na zikigeuzwa amri haiwafikii. Pete ya kuunganishia sikuwa na fedha yake, nikafunga kwa utepe mweusi, nikauzungusha mara nyingi ili vumbi la murram lisiingie. Tangu hapo usihangaike kuzungusha lenzi ili picha iwe dhahiri. Sogea wewe mwenyewe, mbele na nyuma, kwa unene wa ukucha.

Na hapo ndipo penye taabu kubwa. Ukimpiga buibui picha ya ukubwa wake kamili, tundu likiwa f/8, sehemu iliyo dhahiri ina kina cha milimeta moja tu. Ukilenga mgongo, macho yatakuwa ukungu. Ukilenga mguu wa mbele, buibui mzima amepotea. Mimi nalenga yale macho mawili makubwa ya mbele (anayo manane kwa jumla), maana mtazamaji akiyaona macho husamehe mengine. Ukimpiga ubavuni, shika kamera iende sambamba na mwili wake, ili milimeta ile moja ilale kutoka kichwani hadi mkiani. Nilijaribu kulifunga tundu mpaka f/16. Kina kiliongezeka, lakini picha nzima ikafifia, kwa kuwa mwanga hutawanyika upitapo katika tundu dogo mno. Nikarudi f/8.

Tundu dogo lataka mwanga mwingi. Taa ya kamera ikimpiga moja kwa moja, macho yake huwa na vidoa vyeupe vikali na nyuma yake kivuli cheusi. Nilikata ubavu wa dumu jeupe la mafuta ya kupikia, nikauweka kati ya taa na buibui, karibu kabisa na buibui lakini nje ya picha. Mwanga ukawa mpana na laini, hata vinyweleo vya miguu vikahesabika. Kipande hiki cha dumu kilinisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Saa iliyo njema ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijampasha moto, maana wakati huo ni mzito wa kuruka. Wako watu wamtiao katika friji ili atulie. Mimi sipendi. Miguu yake hukunjika kama ya mfu, na picha husema uongo. Egemeza kiwiko ukutani, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Katika picha 60 nilipata 4 za kufaa. Usishangae macho yale makubwa yakigeuka kutoka weusi kuwa kahawia: ndani yake mna mirija inayosogea anapotazama huku na huku. Yakiwa meusi, yanakutazama wewe.

Picha ya nne ilionyesha uso mwekundu, na uso mwekundu ni alama mojawapo ya Evarcha culicivora. Nilikimbia nayo kwa kiranja. Mwalimu akaitazama kimya, halafu akauliza, "Sehemu ya chini ya ukuta wa bweni imepakwa rangi gani?" Nyekundu! Kesho yake niliweka karatasi nyeupe chini ya buibui na nyingine ubavuni, nikapiga tena. Uso ukawa wa kijivu. Alikuwa buibui mrukaji wa aina nyingine.

Kiranja hakunicheka, nami namshukuru kwa hilo. Jumamosi ile alifagia wote.

Lakini wiki mbili baadaye, katika majani marefu nyuma ya jiko, nilimkuta mwingine. Nilitumia karatasi zile zile nyeupe na dumu lile lile, na wekundu haukuondoka. Safari hii mtaalamu alijibu kwamba yawezekana kuwa ndiye, ila picha ya uso haitoshi kukata shauri. Sharti viungo vyake vya uzazi vitazamwe kwa darubini. Mwalimu amemweka katika chupa ya spiriti mezani pake. Kiranja, kwa upande wake, amekubali majani ya nyuma ya jiko yasifyekwe mpaka jibu lije.